Pai ya embe, makaa juu na chini

Nikishuka Lamu likizo ya Disemba, watu hawaniulizi tena habari za theluji. Wanaloniuliza ni pai itaokwa lini. Swali huanzia Mokowe, mashua haijaondoka gatini, kwa binamu yangu aliyekuja kunipokea mizigo, na tukifika Langoni limeshakuwa dai la mtaa. Basi naandika yote hapa kwa mkupuo mmoja, nipumzike na zile sauti za WhatsApp kutoka kwa wenzangu wa Minnesota, London na Dubai wanaotaka vipimo saa ambazo mimi niko kazini.

Tena nina dukuduku langu. Maelezo mengi ya pai yaliyojaa mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za baridi kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Wanakwambia toa siagi kwenye friji, ikate, ichanganye na unga kwa ncha za vidole, tia maji baridi ya bomba, basi. Fanya hivyo Lamu wakati wa kaskazi, siagi itakuwa imegeuka mchuzi hujamaliza bismillahi. Halafu mtu anasema pai ni ngumu, au mkono wake hauna baraka. Mkono hauna kosa. Ganda la pai ni chakula cha jiko la baridi, na ukitaka kulipika pwani lazima kwanza ulitafutie baridi yake.

Mimi ni mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Minneapolis. Wengi wa bibi tunaowapikia ni wajukuu wa Wanorwe na Waswidi waliohamia Minnesota, watu wapole, wasiopenda makuu, na ukitaka kuwasikia wakibishana, taja pai. Huyu atakwambia mafuta ya nguruwe tu, yule siagi tupu, wa tatu atasema mama yake alitumia nusu kwa nusu na hakuna aliyewahi kulalamika. Ikikaribia Thanksgiving, ile sikukuu yao ya shukrani ya Alhamisi ya nne ya Novemba, jiko letu halilali: pai za matufaha, za cheri, za boga. Bibi mmoja, aliyekuwa akiomba asukumwe na kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni mwa jiko kwa sababu chumbani alichoka, ndiye aliyenifunza. Alinitazama siku ya kwanza, akasema mikono yangu ina joto, na kwamba naukanda unga kana kwamba naudai.

Mikono hiyo ilikuwa ya chapati. Na kwa kweli anayejua chapati za kusukuma ameshajua nusu ya pai bila kujijua. Tunakanda mpaka unga uvutike, tunaulaza upumzike, tunasukuma, tunapaka samli, tunakunja, tunazungusha, tunasukuma tena. Zile tabaka zinazochambuka mtu akila zimetokana na mafuta yaliyolala kati ya unga na unga. Pai nayo ni mambo ya tabaka, ila njia yake ni ya kinyume. Unga wa ngano ukikutana na maji ukakandwa, hujenga glutini, na glutini ndiyo inayoufanya uvutike na kurudi. Chapati inaitaka, pai inaikimbia. Mafuta nayo hayapakwi. Hubaki vipande vipande ndani ya unga, vingine kama choroko, vingine kama mbaazi. Vikiingia motoni vikiwa bado vigumu, yale maji yaliyomo ndani ya siagi, ambayo ni kama asilimia 16 ya uzito wake, hugeuka mvuke, mvuke unanyanyua unga, mafuta yanayeyuka na kuacha nafasi. Vikiyeyuka kabla ya moto, unga umeshayanywa. Hapo hakuna cha kunyanyuliwa, na utakachotoa ni cha kuvunjia meno.

Ndiyo maana samli haifai, ingawa mamangu bado ananibishia. Samli imeshaondolewa maji yote, na kwa joto letu hukaa majimaji ndani ya chupa. Itakupa ganda la kumumunyika, la namna ya nankhatai, zuri kwa chai, lakini halichambuki hata uliombee dua.

Mafuta yana upande mwingine kwetu Waislamu. Pai za madukani Marekani, na yale maganda yaliyogandishwa yanayouzwa tayari kwenye sahani za karatasi ya fedha, mengine yametiwa mafuta ya nguruwe, na hayaandikwi kwa herufi kubwa. Neno la kutafuta kwenye boksi ni "lard". Wakati Procter & Gamble walipoleta Crisco mwaka 1911, mafuta magumu yaliyotoka kwenye mbegu za pamba, Mayahudi wa Marekani waliyapokea kwa hamu kwa sababu ile ile inayotufanya sisi leo tusimame dukani tukisoma boksi. Majirani zangu Wabarawa huko Minneapolis, watu wa Barawa ya Somalia, ambao Kiswahili changu na Chimiini, lugha yao, hukutana katikati, ndio walionionyesha mwanzo wapi pa kununua. Kuna na mapishi yanayoagiza vodka badala ya nusu ya maji, kwa hoja kwamba kileo hakijengi glutini na huruka motoni. Hoja ni sahihi. Vodka siitumii, na pai zangu hazijapungukiwa na kitu.

Sasa matunda. Chuo Kikuu cha Minnesota kina shamba lake la kuzalisha aina mpya za matufaha, na kule kila mtu analijua tufaha la Honeycrisp, lililotolewa na chuo hicho mwaka 1991, tamu, lenye maji, likiumwa linasikika chumba cha pili. Bibi zangu hawalitaki kwenye pai. Wanataka Haralson, la chuo hicho hicho, la mwaka 1922: gumu, chachu, halina sura ya kuvutia. Tunda la pai, wanasema, ni lile usilotamani kulila bichi. Ukali wake hupambana na sukari, na ugumu wake hulifanya lisiporomoke ndani ya ganda likawa uji. Majira ya kuchipua, tufaha likiwa limekwisha, hutumia mashina ya rubabi ("rhubarb"), mmea mchachu sana, ambao majani yake yana sumu.

Niliposikia hivyo nilijua la kufanya Lamu. Matufaha yapo sokoni, yanatoka Afrika Kusini, yanauzwa moja moja kama dawa. Ni ghali, tena yameshalainika njiani. Na mbona Disemba ni maembe kila mahali, mengine yanaoza chini ya miti? Ila si embe bivu. Embe bivu ndani ya pai hutoa maji mpaka ganda la chini lilowe, na ladha yake ikipigwa na moto huwa ya jemu. Chukua ngowe lililoanza kugeuka: nje bado kijani, ndani njano hafifu, ukilibonyeza halibonyei, kisu kikipita unasikia kinapita. Ndilo lile ambalo watoto hulila kwa chumvi na pilipili. Dodo lina nyuzi, liache liwe juisi. Boribo lililoiva vizuri mimi siwezi kulifanyia ukatili wa kulitia motoni, hilo ni la kuliwa barazani. Ngowe la namna hiyo, ukilitia mdalasini na ukalioka, mtu aliyekulia Minnesota atakula kipande kizima akidhani ni tufaha. Nilishawahi kuwapelekea kazini pai ya embe la kijani kutoka duka la Wahindi, na yule bibi wa mlangoni akauliza ni Haralson ya shamba gani.

Vipimo, kwa sahani moja ya inchi tisa yenye ganda chini na juu. Unga wa ngano wa kawaida, vikombe viwili na nusu, kama gramu 300. Chumvi kijiko cha chai kimoja, sukari kijiko kikubwa kimoja. Mafuta gramu 200: kule Minneapolis siagi tupu, Lamu nusu siagi nusu Kimbo, yale mafuta magumu ya kupikia. Hapa sibishani na mtu. Siagi ndiyo yenye ladha na ndiyo yenye mvuke, lakini huanza kulegea mapema, na ikifika nyuzi 32 hadi 35 imeyeyuka kabisa, na joto la mchana kwetu haliko mbali na hapo, sembuse la kiganja. Kimbo haina ladha ya kusifiwa, lakini husimama muda mrefu zaidi na kukupa nafasi ya kusukuma. Blue Band ni ya mkate na uji. Maji ya barafu vijiko vikubwa sita, ukiona unga bado mkavu ongeza cha saba, cha nane. Watu wengine hutia kijiko cha siki. Husaidia unga usigeuke kijivu ukilala kwenye friji. Ndimu ni sawa tu.

Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe, na jiko liko juu kabisa chini ya makuti, kama nyumba nyingi za Mkomani na Langoni. Juu kuna upepo na moshi una pa kutokea, lakini ni mahali pa moto. Chumba cha ndani kule chini, chenye kuta nene na giza lake, hukaa baridi hata saa saba mchana. Kwa hiyo kazi yangu imegawanyika nyumba nzima: unga chini, moto juu, na ngazi katikati. Ngazi za nyumba za Lamu wenyewe mnazijua. Mimi huanza mara baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijafika uani. Usiku wa kuamkia, siagi na Kimbo zimeshalala ndani ya friza, na unga nao umo humo ndani ya kopo. Watu husahau kwamba unga wenyewe una joto. Unga wa nyuzi 30 utayeyusha siagi yako hata kama imetoka friza sasa hivi.

Vidole nimeviondoa kabisa kwenye hatua ya kwanza. Siagi iliyoganda naikwaruza kwa kile cha kukwaruzia karoti, moja kwa moja juu ya unga, nikiishika kwa karatasi yake ili kiganja kisiiguse. Kimbo naitia kwa kijiko, vipande vidogo. Bakuli la bati limekalia beseni lenye barafu, na mpwa wangu amelishika lisizunguke. Barafu ya kutia kwenye maji ya unga tunanunua mifuko kwa jirani anayegandisha maji safi. Ya wavuvi kule ufuoni inafaa kuzungushia bakuli kwa nje, lakini ndani ya chakula usiitie, imelala na samaki. Nachanganya kwa uma mbili, narusha juu, nageuza, mpaka kila kipande cha mafuta kimevikwa unga. Kisha maji, kijiko kimoja kimoja, pembeni mwa bakuli, si katikati.

Hapo ndipo mamangu, aliyekuwa amekaa na tasbihi yake akijifanya hatazami, huwa hawezi tena kunyamaza.

"Mwanangu, unga hukuukanda. Utashikanaje?"

"Huu haukandwi, mama. Hukusanywa."

"Hukusanywa! Ni kuni?"

Ukiuchukua ndani ya konzi ukaubana, unashikana. Ukiufungua mkono, haumwagiki lakini ncha zake zina nyufa. Basi hapo acha. Bado utaona michirizi ya siagi, na macho yaliyozoea chapati yatakwambia kazi haijaisha. Yadharau. Gawa madonge mawili, yabonyeze yawe bapa, yafunge, yalaze kwenye friji si chini ya saa moja. Stima ikikatika, na Disemba hukatika, beseni la barafu lile lile litakufaa. Mimi hutumia karatasi ya kuokea ya kufungia, nimekuja nayo. Mifuko ya nailoni ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017, kwa hiyo wewe unayekuja kutoka nje usijaze begi lako mifuko ukitegemea utafungia unga.

Kusukuma sina cha kumfunza mtu wa Lamu. Mwaka wa kwanza nilimpa mamangu donge moja, kibao na kifimbo chake cha chapati, na kwa dakika ambazo mimi hutumia kutafuta katikati, yeye alikuwa ametoa duara lisilo na pembe, unene mmoja kila mahali. Bibi wangu wa Minneapolis angeomba kiti chake kisogezwe karibu. Neno moja tu nililomwambia ni asiurudie rudie: anza katikati, sukuma kwenda nje, geuza robo, basi. Ukiona uso wa unga unang'aa, hayo ni mafuta yanatoka, urudishe kwenye baridi hata kama wageni wako mlangoni.

Maembe nayo. Menya, kata vipande vyembamba, vikombe sita. Sukari robo tatu ya kikombe kama ni machachu kweli, nusu kama yameanza utamu. Mdalasini kijiko cha chai, iliki nusu yake, chumvi kidogo. Acha nusu saa. Matunda yatatoa maji yake ndani ya bakuli, na maji hayo ndiyo adui wa ganda la chini. Yachuje, yachemshe kwenye kisufuria na vijiko vitatu vya wanga wa muhogo mpaka yawe mazito na yang'ae, kisha yarudishe kwenye matunda, yapoe kabisa. Minneapolis hutumia konflawa, lakini wanga wa muhogo haufichi rangi ya embe, na kwa mji unaokula halua kama wetu hakuna haja ya kumweleza mtu jinsi wanga unavyoiva. Ganda liwekwe kwenye sahani bila kulivuta. Ukilivuta litajirudia motoni na kushuka pembeni. Jaza, funika, bana kingo kwa uma au usuke kama kingo za sambusa za nusu duara, toboa juu mvuke upite, paka yai.

Moto ndio ulionipa raha kuliko yote. Nyumbani hatuna oveni, na sikuitaka. Tuna jiko kubwa la mkaa, sufuria nzito ya pilau yenye mchanga chini, na sinia la bati la kufunikia, ambalo juu yake hupaliwa makaa. Mamangu ameoka keki na mikate ya sinia kwa namna hiyo maisha yake yote. Lakini kwa keki yeye huweka makaa mengi juu na machache chini, ili isiungue kabla haijaumuka. Pai inataka kinyume chake mwanzoni. Ganda la chini limekaliwa na matunda yenye maji, lisipopata moto mkali mapema litabaki bichi, jeupe, limelowa, na watu watakula ya juu wakaiacha ya chini kwa adabu. Kwa hiyo tunaanza na makaa mengi chini, mchanga umeshapata joto kama nusu saa nzima, na juu makaa ya kutawanya tu. Mamangu hurusha unga kidogo juu ya mchanga: ukigeuka kahawia papo hapo, tayari; ukiungua mweusi, anaondoa makaa mawili kwa koleo. Kule Minneapolis hiyo ni nyuzi 220 kwa dakika 20, halafu unashusha hadi 190. Hapa baada ya muda huo tunapunguza ya chini na kuyahamishia juu, sinia likabeba mlima mwekundu, na tunaliacha. Sahani iwe ya bati, zile za kizamani zenye ukingo wa buluu. Ile ya kioo niliyobeba kwenye begi nguo zote zikiizunguka hupata moto polepole, nimeiachia kazi ya kuwekea matunda.

Usifunue kila saa. Kila ukifunua, majivu yanaangukia ndani na joto lote linakimbia. Pai yenyewe itakuita: kwanza harufu ya siagi, kisha ya mdalasini, mwisho utasikia inachemka. Sharti ichemke katikati, mapovu mazito yatoke kwenye vile vitobo, si maji maji. Mchemko huo ndio dalili kwamba joto limefika mpaka ndani. Kwetu huchukua zaidi ya saa moja, wakati mwingine saa na robo, kutegemea mkaa wenyewe.

Halafu ipoe. Hili ndilo linaloshinda watu kuliko barafu na siagi zote. Inataka saa tatu au nne mpaka yaliyo ndani yashikane, na nyumba ya Lamu Disemba ina wajomba, wapwa, mashangazi waliotoka Mombasa, jirani aliyepita kuazima chumvi na hakuazima. Mamangu aliimaliza kesi hiyo kwa kuiweka juu ya kabati la chumbani kwake na kufunga mlango. Hukatwa baada ya Asri, na kahawa chungu. Wengine huitaka na aiskrimu, kama kule. Mimi naona kahawa inatosha, na sukari ya pai za Marekani huwa imezidi.

Dada yangu, ambaye ameolewa Malindi, anaona haya yote ni kujitesa. Malindi ni mji mwingine kwa mambo ya unga. Wataliano wamo pale tangu zama za mradi wa San Marco, wale waliorusha satalaiti kutoka jukwaa la baharini kule Ngomeni mwaka 1967, na baada yao wakaja wa mahoteli. Leo utamkuta mpishi Mgiriama anayesukuma tambi kwa mkono na kukuagizia espreso kwa Kitaliano. Dada alijifunza crostata kwa mwenzake aliyefanya kazi kwenye jiko la hoteli: unga gramu 300, siagi 150, sukari 100, yai moja na kiini cha la pili. Unakandwa kidogo, unabonyezwa kwa vidole ndani ya sahani, unapakwa jemu, unawekewa mistari ya unga juu, basi. Sukari na yai huufanya uwe laini hata siagi ikilegea, kwa hiyo joto la Malindi haliuumizi sana. Naye hutia jemu ya embe bivu, jambo ambalo mimi nimelikataa kwenye pai, na kwenye crostata limekubali vizuri sana. Nimekula, nimeomba tena. Lakini ile ni biskuti kubwa yenye jemu, na nimemwambia hivyo mbele ya mumewe. Ya kwangu ukiichoma kisu inalia. Alinijibu kwamba ya kwake haihitaji mtu kuamka na adhana wala kununua barafu, na shemeji, mwenye hekima zake, akasema zote ni nzuri na kuchukua kipande cha tatu cha ya mkewe.

Boga pia limejadiliwa. Ile pai ya boga ya Thanksgiving, boga lililopondwa na maziwa na mayai na viungo, ndiyo iliyo karibu na chakula chetu kuliko zote, kwa sababu aliyezoea kufuturu kwa boga la nazi anaijua ladha hiyo tangu utotoni. Nilipobadilisha maziwa nikatia tui zito, shangazi yangu alikula akasema hii ni futari iliyovishwa koti. Kwa hiyo ganda lile lile, sahani ile ile, ila ganda lioke kwanza tupu, umelitandikia karatasi na kuijaza mbaazi kavu zilizuie lisivimbe, maana ndani ni majimaji na hayasubiri. Mbaazi hizo hazitapikika tena, ziwekee kopo lake. Sitasema zaidi juu ya boga, maana watu walilimaliza kabla sijaonja vizuri.

Ikibaki, na sijui itabakije, pai ya matunda huvumilia siku moja mezani kwa joto letu, baada ya hapo iwe kwenye friji na ipashwe motoni, si kwenye maikrowevu, itakuwa teketeke. Ya boga na tui haivumilii hata kidogo. Mbichi iliyokwisha kufungwa hukaa friza wiki kadhaa na kuokwa bila kuyeyushwa, nayo ndiyo njia ya wale mlioko nje mnaofanya kazi zamu za usiku na mnataka Idi iwakute na kitu mezani. Matunda yawe yoyote, hata machungwa ya dukani na tangawizi, sheria ya maji na wanga haibadiliki.

Nimesharudi Minneapolis, nje ni chini ya sifuri na siagi naiweka dirishani tu. Juzi mamangu ametuma picha. Pai ndogo ndogo za kiganja, ndani ametia samaki wa kuchambua na ndimu na pilipili za kijani, makaa juu na chini, na ganda ni Blue Band tupu. Niliikuza picha nikaitazama pembeni na katikati: kingo zimechambuka kweli, tumboni zimelala. Nikamtumia sauti, mama, tia nusu yake Kimbo, na ugandishe unga kwanza. Akanijibu kwamba hakuniuliza, ila alitaka kujua mwaka huu nakuja lini, na nikija nimletee ile karatasi ya kuokea, mabunda mawili, maana ya mwanzo ameshampa jirani.